Ndovu Aliyetafuna Muhogo

Mnanijia mlangoni na simu zenu mpya, mnanionyesha video ya tumbili aliyeiba ndizi, halafu mnaniuliza, "Bi Zena, tufanyeje sauti itoke safi kama ya kipindi chenu?" Nami huwajibu kwa mkato, kwa sababu magoti yananiuma na chungu kiko motoni. Leo nimeketi. Chai ninayo, chungu kimeshaepuliwa, kwa hiyo nitawaambia kwa nafasi, nanyi msinikatize.

Miaka ishirini na sita nilinasa sauti za kipindi cha wanyama katika kituo kimoja kidogo cha televisheni hapa Malindi. Kipindi kiliitwa Jirani Zetu wa Porini, na wengi wenu mmekua mkikitazama. Mnamjua Katana, mpiga picha wetu na mtangazaji, yule mrefu wa Kilifi asiyevua kofia. Mimi hamkunijua, na ndivyo ilivyotakiwa. Mtu wa sauti akijulikana na watazamaji, ujue kuna mahali amekosea.

Sasa siri ya kwanza, na msiende kuitangaza ovyo. Kamera inaona mbali, lakini maiki inasikia karibu. Katana aliweza kumpiga picha twiga aliye ng'ambo ya bonde hadi ukahesabu kope zake. Mimi nikiwa kando yake na maiki yangu nilipata nini? Upepo, nzi, na tumbo la Katana likidai chakula. Basi zile sauti mlizokuwa mkizisikia, twiga akikwanyua majani, nyoka akipita nyasini, nyingi zilitengenezwa baadaye na mtu aliyekaa mezani. Vipindi vingi vya wanyama hufanywa hivyo. Hapa Malindi mtu huyo nilikuwa mimi.

Aliyenifunza ni marehemu Mzee Shee, Mungu amrehemu, mtu mfupi mwenye masikio makubwa ambayo mwenyewe alisema amepewa kwa makusudi. Siku ya kwanza aliyonipeleka msitu wa Sokoke nilivaa buibui jipya la kitambaa kinachoteleza na bangili sita mkononi, maana nilikuwa nimewaambia majirani wote kwamba naenda kwenye televisheni. Tukaketi kungoja ndege. Baada ya dakika tano Mzee Shee akavua vya masikioni, akanigeukia.

"Binti, kuna mnyama hapa simjui. Anachakarika kama karatasi. Halafu ana kengele."

Nikamuuliza kwa hofu ni mnyama gani. Akanionyesha mkono wangu mwenyewe.

Tangu siku hiyo nikawa naenda porini na leso mbili za pamba zilizochakaa, bila bangili na bila kutafuna ubani. Alinifunza kupumua kwa pua, polepole, uso nimeupeleka kando ya maiki. "Watu wanataka kumsikia ndege," alikuwa akisema. "Wewe usisikike. Hata siafu wakikuuma, usisikike." Na siafu waliniuma, tena mahali ambapo siwezi kuwatajia, na sikusikika. Mzee Shee alinisifu siku hiyo kwa mara ya kwanza na ya mwisho.

Lakini mezani ndiko nilikoipenda kazi. Kile kipepeo cha kupepea jiko la mkaa, mnakidharau, lakini mimi nilikitumia kama bawa kwa miaka yote hiyo. Ukipepea haraka umepata njiwa, ukipepea kwa kituo umepata korongo. Buruta mkeka wa ukili sakafuni, umepata nyoka. Mamba akiingia mtoni ni kata ya kuchotea maji ikitumbukizwa kwenye ndoo, ila ndoo iwe ya plastiki, maana ya bati hutoa mlio wa jikoni hata ufanyeje. Fisi anayevunja mifupa ni mabua makavu ya mahindi. Na yule simba dume anayelala kivulini, ambaye watoto mlikuwa mkimwogopa, alikuwa mume wangu Abdalla, baba yake Fatuma, baada ya pilau ya Ijumaa. Nilimwekea maiki karibu na mto akiwa amejinyoosha, nikapunguza kasi kidogo, akatoka simba kamili. Nilipomwambia hakukasirika hata chembe. Mpaka leo akienda barazani kwa wenzake hutembea kifua mbele.

Kisha ukaja mwaka wa korona. Huo sina haja ya kuwaeleza, nyinyi ndio mliofungiwa ndani mkawamaliza mama zenu kwa kudai mahamri. Mipaka ya kaunti ikafungwa, jioni mapema kila mtu yuko kwake, na gari letu la kwendea mbugani likakaa uani mpaka kuku wakataga ndani yake. Ofisini waliruhusiwa watu wachache tu. Mimi nikapewa kompyuta na maiki nikafanyie kazi nyumbani, na nyumbani maana yake jikoni, kwa sababu vyumba vingine vyote vilikuwa na wajukuu.

Meneja wetu alikuwa Bwana Athmani, mtu mwenye haraka hata akiwa amekaa. Akanipigia simu.

"Bi Zena, tumepunguza watu. Yule binti aliyekuwa akisoma maoni ya watazamaji hayupo tena. Utayasoma wewe."

"Mimi mtu wa sauti, Bwana Athmani."

"Si una masikio? Basi wasikilize. Tuna vipindi sita vya kutoa katika hali hii ya kufungwa. Baada ya hapo wakubwa watayaangalia hayo maoni. Watu wakiridhika, kipindi kinaendelea. Wasiporidhika, kinafungwa, na wewe na Katana mnakwenda nyumbani."

"Niko nyumbani tayari," nikamwambia. Hakucheka.

Hebu oneni hali yangu. Nilikuwa kama mpishi, sasa naambiwa niende pia mezani nikawaulize wageni kama chumvi imekolea. Mimi nilibakiza mwaka mmoja tu nistaafu, lakini Katana alikuwa na watoto wanne wadogo, na kipindi kile kilianzishwa na Mzee Shee kwa mikono yake. Niliogopa kweli kwamba kitakufa nikiwa nimekishika mimi.

Cha kwanza Katana alikitengenezea Kilifi, nyuma ya jiko la mama yake, alipokuwa akiishi kenge mmoja mnene aliyewafahamu kuku wote kwa majina. Kwa kuwa kenge alikuwa karibu, sauti tulinasa ya kweli, Katana mwenyewe na kimaiki kidogo nilichomwelekeza kwa simu jinsi ya kukitumia. Alitangaza amevaa barakoa, kama sheria ilivyotaka. Nikaketi nisome maoni.

Bwana mmoja wa Mtwapa aliandika, "Mwambieni Katana avue barakoa, kenge hana korona." Mama mmoja wa Malindi akamjibu hapo hapo, "Asivue! Watoto wanamtazama. Wewe ndiye uvae." Wakagombana hao wawili mpaka wakasahau kenge. Mwingine akasema hakununua king'amuzi ili aone wanyama anaowafukuza mwenyewe kila asubuhi. Mwalimu mmoja alitushukuru: watoto wake walikuwa wamechoka kukaa ndani, sasa wanakesha ukutani wakichunguza mijusi na kugombania nani kaona mkubwa. Na mzee mmoja alituomba tuje kumpiga picha kenge wa kwake, kwa sharti kwamba tukimaliza tuondoke naye.

Hapa nina jambo la kuwaambia nyinyi mnaoweka video zenu huko kwenye mitandao na kulia mkitukanwa. Kusoma maoni ni kazi na ina ufundi wake. Yule bwana wa Mtwapa alitutukana karibu kila kipindi, na vyote sita alivitazama mpaka mwisho, maana alikuwa anajua hata wimbo wa kufungia. Huyo ni mtu wako. Mwenye kukusifu kila siku kwa maneno yale yale, huenda hata hajatazama. Wa kumwogopa ni aliyekuwa akizungumza nawe kisha akanyamaza. Huyo ameshaondoka, na hakuaga.

Cha pili kilikuwa cha kunguru walioiba samaki kwenye kapu, kikapita salama. Lakini watu walianza kunung'unika. Wanataka wanyama wakubwa, wanataka porini. Kwa cha tatu, Bwana Athmani akaamua tutoe picha za zamani za ndovu, ambazo Katana alizipiga mbugani miaka ya nyuma na hazikuwahi kuonyeshwa. Picha nzuri ajabu, ndovu jike anakula peke yake chini ya migunga. Sauti yake haikuwepo kabisa, ila mngurumo wa gari letu. "Bi Zena," akasema Bwana Athmani, "tengeneza."

Nikatafuta jikoni kitu cha kutafuna. Mabua yalikuwa mepesi mno, karoti ilitoa sauti ya sungura. Kulikuwa na muhogo mbichi kwenye kapu, wa juzi. Nikaukata vipande vikubwa, nikajifunga maiki shavuni kwa leso, nikatafuna. Nilitafuna asubuhi nzima. Mjukuu wangu mmoja alichungulia, akaniona nimefungwa shavu na mdomo umejaa, akaenda kumwambia babu yake kwamba bibi anaumwa jino na amekasirika. Nilipoipunguza kasi ile sauti na kuiongezea uzito, wallahi, nilimwona ndovu.

Watazamaji nao walimwona. Maoni yalimiminika. "Nilidhani yuko sebuleni." "Mbwa wangu amebweka." Hata bwana wa Mtwapa aliandika, "Leo mmejitahidi," na kwake hiyo ni sawa na kuchinjiwa mbuzi. Nilivimba kichwa. Nilimsomea mume wangu yote, moja moja, mpaka akaniambia hata yeye alipokuwa simba hakujisifu hivi.

Siku ya pili yake ikaja sauti. Si maandishi, ujumbe wa sauti, wa mwanamke mwenye sauti nzito ya kupumzika.

"Salaam alaikum kwa walio Waislamu, na Bwana asifiwe kwa wenzangu. Mimi naitwa Mama Kadzo, niko Junju, nashona makuti. Macho yangu yaliharibika, ni mwaka wa nne sasa sioni. Kipindi chenu nakisikiliza kila wiki. Watu hunicheka, ati kipofu na televisheni wapi na wapi. Lakini nikisikiliza nawaona wanyama, tena nawaona sana. Sasa nina neno. Mimi ni mzaliwa wa Chakama. Toka utoto nilikaa kwenye dungu la miti, juu shambani, nikilinda mahindi, ndege mchana, nguruwe na ndovu jua likishuka. Ndovu namjua. Yule wenu wa juzi hali majani. Anakula muhogo. Tena si muhogo wa leo, umelala siku mbili. Tena huyo anayeutafuna hana jino la mwisho upande wa kushoto."

Wanangu, nilipeleka ulimi mahali pale. Jino hilo niling'olewa mwaka uliopita.

Ningecheka, na nilianza kucheka, lakini alikuwa hajamaliza.

"Sikasiriki. Nauliza tu, mniambie kweli. Yule kenge ni kenge? Wale ndege ni ndege? Maana nyinyi wenye macho mkidanganywa sikio, jicho litawatetea. Mimi sina wa kunitetea. Kama si kweli, niambieni niache kuwaona."

Sasa nawaambia kosa langu, kubwa kuliko bangili. Nilipaswa kujibu pale pale. Badala yake nikawafikiria wakubwa na maoni yao, nikamfikiria Katana na wanawe, nikaweka sauti ya kiofisi na kumjibu: "Mama Kadzo, ahsante kwa maoni yako. Ndovu wetu ni wa kweli, huenda ni spika ya televisheni yako." Spika ya televisheni yake! Mimi, niliyefunzwa na Mzee Shee, nikamwambia mtu mwenye masikio kama yale kwamba hasikii vizuri.

Akajibu kwa maneno matatu. "Haya. Ahsante, mwanangu."

Na hakurudi tena. Tukatoa cha nne, cha popo wa kwenye miembe ya hospitali, kimya. Tukatoa cha tano, cha korongo, picha za zamani na mabawa ya kipepeo changu cha mkaa, kimya. Maoni ya wengine yalikuwa mengi na matamu, nami nilikuwa nayapitia haraka kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mkoba, natafuta ile sauti nzito. Nilimweleza Bwana Athmani.

"Mtazamaji mmoja," akasema. "Tena haoni!"

"Ndiye pekee aliyetusikiliza," nikamwambia.

"Bi Zena, tuko kipindi cha tano. Ukimwambia yeye, atawaambia wengine. Watu wakijua simba ni mzee Abdalla amelala, tumekwisha."

Nikamtii. Lakini siku moja naosha vyombo, marudio ya kile cha korongo yanapita kwenye televisheni ya sebuleni, nami nimewapa mgongo. Nikasikia mabawa. Na sikumwona korongo. Niliona jiko langu, majivu, na kile kipepeo kilichochanika pembeni. Nikafikiria huyo mama kule Junju ameketi na makuti yake mapajani, naye haoni hata hilo jiko. Niliona haya mpaka masikio yakanichoma. Nikafuta mikono, nikampigia.

"Mama Kadzo, hujambo. Ni Zena wa televisheni."

"Sijambo. Nakusikia, spika yangu leo nzima."

Nilistahili hilo. Nikamwambia, "Ulikuwa muhogo."

Nikasikia kuku nyuma yake.

"Wa siku mbili?"

"Wa siku mbili. Na jino ni langu."

"Na kenge?"

"Kenge ni kweli mama, naapa. Na kunguru ni kweli. Korongo ni kipepeo cha jiko."

"Huyo nilimshuku, alikuwa na harufu ya mkaa. Na simba? Yule anayelala. Simba simjui, sijapata kulala karibu naye."

"Simba," nikasema, "simba ni mume wangu."

Akaangua kicheko ambacho sijakisikia kwa mtu mzima tangu siku hizo. Alicheka akakohoa, akacheka tena, akamwita mtu amletee maji. Alipopata pumzi akaniambia, "Basi mpeleke hospitali, Bi Zena. Huo si usingizi, huyo anakuacha."

Nami nikacheka, na nilikuwa nalia. Nikamwomba radhi. Akanisamehe kwa haraka, lakini hakuniachilia.

"Mimi umeniambia. Na wengine? Wasioona si mimi peke yangu katika nchi hii. Kuna watoto pia, wanadhani hivyo ndivyo ndovu anavyokula. Siku wakikutana naye watamtupia muhogo."

Sasa angalieni mambo yanavyopangwa. Siku ile ile jioni Katana akatupigia: jirani yake amepatikana na korona, na yeye ameamriwa akae ndani wiki mbili bila kutoka. Kipindi cha sita kilikuwa kiwe chake, cha kaa wa mikokoni. Hakikupigwa hata picha moja, na picha za zamani tulikuwa tumezimaliza. Bwana Athmani aliponipigia, kwa mara ya kwanza nilimsikia hana haraka.

"Hatuna kitu, Bi Zena."

"Tunacho. Kina meza, kipepeo na muhogo."

"Utatuua."

"Una kingine cha kuonyesha?"

Nikamwambia kama hataki, aliondoe jina langu kwenye vipindi vyote vitano vilivyopita, nami nitajua la kufanya na mwaka wangu uliobaki. Sikupandisha sauti. Mtu wa sauti hajui kupiga kelele, ila anajua kunyamaza kwa muda unaofaa. Mwishowe akasema, "Fanya. Lakini ukifanya, ufanye vizuri."

Basi mimi, ambaye hamkupaswa kunijua, mkaniona. Nilisimamisha simu kwenye kopo la sukari, nikavaa lile buibui la kuteleza, safari hii na bangili zote sita, maana nilitaka nisikike. Nikawaonyesha kipepeo, mkeka, ndoo. Nikajifunga maiki shavuni na kutafuna muhogo mbele ya Kenya nzima na pengo langu. Kisha nikamfungulia mlango simba, ambaye alikubali kulala mchana wa Ijumaa mbele ya kamera kwa ajili ya heshima ya kituo, akaikoroma kazi yake kwa moyo wote. Mwisho nikasema, "Kuna mama mmoja aliniuliza kama ni kweli, nikamwambia uongo. Nilikosea. Sasa nawaambia nyote, ili anayetutazama kwa masikio ajue kipi ni mnyama na kipi ni mimi."

Maoni ya siku hiyo niliogopa kuyafungua. Nilimpa binti yangu Fatuma asome, nami nimejifunika uso kwa leso. Walikuwepo waliokasirika, tena wengi. Mmoja alisema miaka yote amekuwa akimwogopa mzee Abdalla bure. Mwingine alisema hataamini tena hata taarifa ya habari. Lakini watoto! Watoto walitutumia sauti walizotengeneza wenyewe, kiboko kwa beseni, nyuki kwa kitana na karatasi, mmoja alimtengeneza twiga ambaye mpaka leo sijui alitumia nini. Yule mwalimu alisema darasa lake lote limekuwa jikoni. Na bwana wa Mtwapa aliandika, "Nilijua toka mwanzo." Muongo mkubwa, hakujua kitu.

Wakubwa wakakiacha kipindi kiendelee. Sharti lao lilikuwa kwamba kila mara Katana atamke mwanzoni sauti zipi zimetengenezwa. Sharti moja niliongeza mimi: kabla ya kutoka hewani, sauti iende Junju kwanza. Mama Kadzo akawa anazipitisha au kuzikataa, na alikuwa mkali kuliko Mzee Shee. "Huyu chura amechoka, tafuta mwingine." "Hilo bawa lina mpini." Nilikuwa nikirudia kazi mara tatu, mara nne, katika mwaka ambao nilidhani nitaukaa nikihesabu siku.

Njia zilipofunguliwa nikaenda kumwona. Nilimkuta ukumbini na makuti yake, vidole vinakwenda vyenyewe. Nikamuuliza kitu kimoja: ndovu anakula vipi hasa? Akaniambia jinsi mkonga unavyong'oa nyasi, kisha anavyozipiga mguuni kutoa udongo, pa, pa, kisha kusaga, taratibu, kama jiwe juu ya jiwe, na tumbo lake lenyewe linavyonguruma unalihisi kifuani kabla ya kulisikia. "Huwezi kulitengeneza hilo," akasema. "Nenda kwa kaka yangu Chakama. Dungu lile lile bado lipo."

Basi miezi miwili kabla ya kustaafu, mimi na magoti haya tukapanda dungu. Katana alinisukuma kutoka chini, kaka yake Mama Kadzo akanivuta kutoka juu, na askari wa wanyama akasimama kando akijikaza asicheke. Tukangoja siku mbili. Siku ya tatu, alasiri, jua bado liko juu ya miti, ndovu akatoka vichakani, jike, peke yake. Alikuja mpaka ukingo wa shamba. Maiki nilikuwa nimeifunga kwenye mguu wa dungu, na yeye akasimama hapo chini yangu, karibu kiasi cha kuweza kumwangushia bangili. Akang'oa nyasi. Akazipiga mguuni, pa, pa. Akasaga. Kisha likaja lile la tumbo, nikalisikia kwenye mbao nilizokalia. Nilisahau kila kitu nilichofunzwa. Nilipumua kwa mdomo kama mtu aliyekimbia.

Nyumbani niliposikiliza nilikata tamaa. Ndovu alikuwa ndovu kweli, lakini katikati yake kulikuwa na pumzi yangu, ya juu juu, ya mwanamke mwenye hofu. Nilijaribu kuitoa, ikawa inatoka na nyasi. Nikaituma Junju hivyo hivyo, nikajiandaa kukataliwa.

Jibu lilichelewa siku nzima. Kisha ikaja ile sauti nzito, safari hii nyembamba kidogo.

"Huyu ndiye. Huyu ndiye kabisa. Nimemwona, Bi Zena, nimemwona mpaka masikio yake." Kisha akauliza, "Na huyo mwingine anayepumua ni nani?"

Nikampigia. "Ni mimi, mama. Niliogopa. Nitajaribu tena kuifuta."

"Usifute," akasema. "Kwenye dungu tulikuwa tunapumua hivyo hivyo."

Hiyo ndiyo sauti yangu ya mwisho kazini, na ilitoka hewani kama ilivyo. Mkiipata, izimeni picha kwanza, mfumbe macho. Mtasikia nyasi zikipigwa mguuni, halafu kusaga, na juu kidogo, upande wa kushoto, mtasikia mtu. Huyo sikumtengeneza jikoni.